Kwa mnaoanza filamu za androidi: bajeti isiishie kwenye mkono wa chuma

Miswada ya filamu za roboti inayonifikia kutoka kwa vijana huwa na ukurasa wa vifaa kabla ya ukurasa wa wahusika. Kofia yenye taa, mkono wa chuma, lenzi za macho za bluu. Bajeti yenyewe ni ya kuungaunga, michango ya marafiki na kamera ya kuazima, na ikifika kwenye mkono wa chuma inakata roho. Mkitaka kutengeneza filamu ya binadamu na androidi, yaani roboti mwenye umbo la mtu, kwa fedha za namna hiyo, pelekeni nguvu kwa waigizaji wawili: anayecheza androidi na anayemtazama. Nikilazimishwa kuchagua mmoja, nachagua huyo wa pili.

Fanyeni jaribio hili mazoezini. Mama ameketi sebuleni, androidi anamletea chai. Mara ya kwanza mama apokee kikombe huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Mara ya pili androidi asibadilishe chochote, mwendo uleule, mkono uleule; ila mama asubiri mpaka vidole vya androidi viachie kisahani na kurudi nyuma, ndipo ashike kikombe. Tazameni shoti zote mbili kwenye simu. Katika ya kwanza mtaona dada wa kazi analeta chai. Katika ya pili kuna kitu hakiko sawa ndani ya nyumba ile, na hamjatoa hata shilingi. Mtazamaji anasoma uso wa mama ili ajue amchukulieje yule mgeni. Kwa hiyo mwigizaji wenu mzoefu kuliko wote mpeni nafasi ya binadamu. Wengi hufanya kinyume, wanampa staa uandroidi kwa sababu ndio wenye maleba, yaani mavazi ya kuigizia.

Mbinu hii ina umri. Tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, ile iliyowapa roboti jina lao, ilipopanda jukwaani Prague mwaka 1921, roboti wote walikuwa watu waliovaa mavazi. Mwaka 1982, chini ya kampuni ya Roger Corman, mtayarishaji wa Marekani aliyesifika kwa kubana matumizi, ilitoka filamu iitwayo Android iliyopigwa kwenye seti zilizobaki kutoka filamu zake nyingine. Androidi wake aliigizwa na Don Opper, mmoja wa waandishi wa muswada huohuo. Na mwaka 2013 ikatoka The Machine, iliyotengenezwa Wales, ambayo Caity Lotz anacheza mwanasayansi na pia mashine iliyoumbwa kwa sura yake. Hii ya mwisho iangalieni kwa makini. Mkimwona mtu kwanza, akicheka na kuinamisha shingo kwa namna yake, mnapokutana na mashine yenye sura ileile mnaanza kutafuta kilichopungua. Mwigizaji mmoja, malipo ya mtu mmoja, wahusika wawili.

Sasa androidi mwenyewe. Tafadhali, ile minenguo ya kukatika-katika kama densi ya shuleni iacheni. Andikeni kanuni mbili au tatu za mwili wake kabla ya mazoezi, na mwigizaji azishike mpaka zizoeleke. Binadamu akigeuka, kwa kawaida macho hutangulia na kichwa kikafuata. Androidi wenu ageuke kichwa na macho kwa pamoja. Binadamu aliyetulia hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika; wenu apepese mwisho wa sentensi tu. Msimwambie asipepese kabisa, atatokwa machozi kabla ya kumaliza mstari wa pili. Kanuni ya tatu yaweza kuwa mikono: hajigusi uso, hakuni kichwa, hashiki pindo la nguo. Kisha katika filamu nzima avunje kanuni moja, mara moja, mahali ambapo hadithi inageuka. Mhariri aijue shoti hiyo tangu siku ya kwanza ili asiikate kwa kudhani mwigizaji alikosea.

Kwa filamu inayozungumza Kiswahili tuna hazina ambayo wenzetu wa kwingine hawana, nayo ni maamkizi. Chukulieni androidi mwenye sura ya mwanamke wa miaka 30 anaingia nyumba ya watu Tanga. Bibi yuko barazani. Androidi anatoa shikamoo, bibi anaitikia marahaba kwa mazoea, halafu anabaki kujiuliza amemwitikia nani. Mjukuu wa miaka sita anaambiwa, "Mwamkie shangazi," naye anagoma: "Si kaletwa juzi tu? Mimi mkubwa kwake." Baba anacheka, mama hacheki, androidi amesimama na tabasamu lilelile akisubiri familia iamue. Hapo mmeuliza maswali yote ya utu na umri na cheo bila mwanasayansi wa koti jeupe kuja kuyaeleza. Nikiona muswada una mwanasayansi anayeeleza, huwa naruka kurasa.

Mahali pa kupigia pasiwasumbue. Maabara ya karatasi za foili inajulikana kuwa ya foili hata kwenye skrini ya simu. Sebule, chumba cha hoteli mpya isiyo na wageni, zahanati baada ya saa za kazi, vyote vinatosha. Kama lazima pawe na dunia ya kubuni, tazameni Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda na yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake: haihusu androidi, lakini vipande vya kompyuta mbovu viligeuzwa maleba na vikapendeza kwa sababu havikujifanya kitu kingine.

Ex Machina, filamu ya androidi ya mwaka 2014, mtatajiwa na kila mtu. Bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 15, ambazo kwa Hollywood ni ndogo na kwetu hatuna haja ya kuzizungumza. Lakini kuna jambo moja la kuiba pale. Hawakutumia kwenye seti vitambaa vya kijani, vile vya kubadilishia mandhari baadaye kwenye kompyuta; Alicia Vikander, anayecheza androidi, aliigiza na wenzake ndani ya chumba halisi akiwa na vazi lake, kisha kamera ikapiga chumba kilekile kitupu, na mafundi wakafuta sehemu za mwili na kujaza mashine. Filamu hiyo ilipata Oscar ya athari za picha mwaka 2016, ikiziacha filamu zenye bajeti kubwa mara nyingi zaidi. Ninyi pia, kamera ikiwa kwenye stendi na mwanga haujabadilika, kila baada ya shoti yenye androidi pigeni sekunde 20 za chumba kitupu. Mhariri mwenye kompyuta ya kawaida ataweza kufuta kidole kimoja, au kuacha uwazi shingoni, shoti moja tu. Moja inatosha. Zikifika kumi mtazamaji anaanza kuzikagua.

Kwenye sauti ndiko filamu nyingi changa zinakofia, na huko nitakaa kidogo. Mwendo wa androidi unahitaji mota, lakini ndogo, ya kusikika pale tu mtu anapomkaribia. Rekodini kioo cha gari cha umeme kikipanda, au printa ikivuta karatasi, punguzeni kasi, wekeni chini ya sauti ya nguo. Ile sauti ya mwangwi wa ndani ya pipa kwa mazungumzo ya roboti ni ya miaka ya nyuma, ipumzisheni. Katika Robot & Frank ya mwaka 2012, mwili ndani ya roboti ulikuwa wa mcheza densi na sauti ni ya mwigizaji Peter Sarsgaard, na sauti ile inazungumza kwa upole wa kawaida kabisa. Mkimvalisha androidi wenu kinyago, nanyi mnaweza kumpata mwenye mwili mzuri na mwenye sauti nzuri wakiwa watu wawili. Kama midomo inaonekana, msijaribu. Kulinganisha midomo na sauti kwa filamu nzima kutawamalizia wiki.

Kurekodi mahali halisi kuna shida ambayo vitabu vya kigeni havitaji. Ili maikrofoni isinase kelele, mnazima feni. Feni ikizimwa, na taa mbili zikiwaka, na mko Dar mwezi wa Februari, androidi anatoka jasho. Binadamu akitoka jasho ni sawa, anaogopa. Mashine ikitiririka jasho puani filamu imeisha. Shoti za androidi zipigeni alfajiri, za binadamu peke yake ziacheni mchana. Mtu mmoja awe na tishu na poda, kazi yake ni uso ule tu, na afute kwa kugandamiza, asisugue. Friji nayo lazima izimwe, na hapo wekeni funguo za gari ndani yake ili msiondoke mkaacha samaki wa mwenye nyumba waharibike. Kabla ya kuondoka kila chumba, wote nyamazeni mrekodi nusu dakika ya ukimya wake. Bila ukimya huo mhariri hana cha kuzibia matundu ya sauti.

Kibali fuatilieni mapema. Kwa Tanzania anzieni Bodi ya Filamu, kwa Kenya anzieni Tume ya Filamu.

Mkimaliza kuhariri, waiteni watu wasiojua hadithi, msiwaambie filamu inahusu nini, na msiandike jina la filamu mwanzoni. Kila mmoja apewe karatasi aandike dakika aliyotambua kuwa mmoja wa wahusika si mtu, na alichokiona dakika hiyo. Wakiandika kofia au taa, rudini kwenye meza ya kuhariri mkapunguze shoti hizo. Wakiandika "yule mama alivyopokea chai," iacheni shoti ile kama ilivyo, na hata mwenye studio akitaka ifupishwe, kataeni.