Wasomaji Wauliza: Darubini Kwanza au Stendi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nina kamera ya Canon ya mtumba, megapikseli 18, na lenzi yake ya 18–55 mm. Nataka kupiga picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi. Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu: darubini ya kioo cha milimita 130, au stendi ya mota inayofuata nyota. Ninunue ipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Nunua stendi, tena bila ya kusitasita.

Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, yaani juu ya ikweta ya dunia, husogea sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa. Kwa kamera yako ikiwa kwenye 55 mm, huko ni kama pikseli moja. Darubini unayoitaka kwa kawaida ina urefu wa fokasi wa 650 mm. Hapo nyota huvuka pikseli 11 kwa sekunde moja tu. Bila ya stendi inayofuata, utapata mistari.

Usinunue stendi inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia tu, hata ikiwa na kompyuta. Picha huzunguka pembeni kadiri muda unavyokwenda, na karibu na utosi (juu kabisa ya kichwa) hali ndiyo mbaya zaidi. Nebula kubwa ya Jabari (Orion), M42, hupita takriban utosini kwenu, na ndiyo ya kuanzia! Unahitaji stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: mhimili unalala mpaka digrii ngapi? Pemba iko digrii 5 kusini, kwa hivyo mhimili lazima ulale karibu bapa, ukielekea kusini. Stendi kadhaa haziteremki hapo, na nyengine zikiteremka, fimbo ya uzani hugonga mguu. Uzito nao: ikiandikwa kilo 5, pakia nusu yake.

Kidarubini cha kutafutia ncha ya anga usikilipie. Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, ni hafifu, na kwenu iko chini sana kwenye upeo, ndani ya utusitusi. Sindano ya dira nayo haioneshi kusini halisi. Kuuelekeza mhimili, tumia nyota yenyewe: chagua moja iliyo juu kabisa, iangalie kwenye skrini ya kamera ukiwa umeikuza. Ikiteleza kaskazini au kusini, geuza stendi nzima kidogo kushoto au kulia. Kisha chukua nyota iliyo chini mashariki, urekebishe mwinamo. Rudia mpaka itulie dakika 5. Mwenye laptopu atumie N.I.N.A., programu ya bure. Kiongezo chake cha kupanga mhimili kwa nukta tatu hakihitaji kuiona ncha. Na swichi ya mota iwe kwenye S, yaani kusini. Ikiachwa kwenye N (kaskazini), mota hukimbia kinyume na mistari huwa mirefu maradufu.

Anza na 55 mm, ISO 1600, sekunde 60, picha 60 au zaidi za kuunganisha. Usiku wetu ni wa joto na sensa hutoa chembechembe nyingi, kwa hivyo piga nyengine 20 ukiwa umeziba lenzi, usiku uleule, kwa sekunde zilezile, za kuondolea chembechembe hizo. Ukipata fedha tena, tafuta lenzi ya 135 mm f/2 kabla ya darubini. Wakati wa kusi, tundika mfuko wa mchanga chini ya stendi.

SWALI: Lenzi yangu huloa umande baada ya saa moja. Nifanyeje?
Msomaji, Makunduchi, Unguja

JAWABU: Funga mkanda wa joto wa USB karibu na kioo cha mbele, uuwashe kabla umande haujaanza. Mkanda wa wati 7 hukaa takriban saa 8 kwa pawabenki ya mAh 20,000. Usipanguse kioo: chumvi ya bahari hukwaruza. Nyumbani iache kamera ikauke kwanza, ndipo uifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli. Ukiifungia mbichi, kuvu humea ndani ya lenzi.