Lehemu peke yake haitoshi kulikataa bizimu

Ndugu, umeuliza kama lehemu iliyo nyuma ya bizimu lako la chuma, la mkanda wa askari wa Kijerumani lenye maneno «Gott mit uns» (Mungu yu pamoja nasi), inaonyesha kuwa ni bandia; peke yake haitoshi kulikataa, kwani vifaa vya jeshi vilitengenezwa mara nyingi vikiwa bado kazini. Kagua bamba lenyewe: mabizimu ya chuma ya Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani ya wakati huo, yaliyoanza 1915, yaligongwa kwa mashine, hivyo taji la mbele lazima lionekane nyuma likiwa limebonyea, ilhali nakala ya kumiminwa huwa na vitundu, na hapa Lubumbashi wamiminaji wa madini hawakosekani. Lehemu inayong'aa juu ya kutu ya zamani ni kazi ya juzi. Kwamba Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, iliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 ni kweli, lakini hadithi hiyo humnufaisha muuzaji tu, usiilipie.