Panga ziwe majembe, au ziwe maplau?

Swali: Naandaa kijitabu cha wakulima wanaolima kwa maksai. Mwenzangu anasema Isaya 2:4, "nao watafua panga zao ziwe majembe", imetafsiriwa vibaya kwa sababu Biblia za Kizungu zinataja chuma cha plau. Je, ni kosa? Na chuma hicho tukiiteje kwa Kiswahili?

Jibu: Si kosa. Mwenzako anapima Kiswahili kwa Kiingereza, ilhali andiko lenyewe ni la Kiebrania. Neno lililotumika pale ni la chuma cha kuchimbulia udongo, na wataalamu hawajakubaliana kama ni jembe la mkono au ncha ya plau. Katika 1 Samweli 13:20 neno hilohilo limetajwa sambamba na neno jingine linalotokana na kitenzi cha kulima, kama vifaa viwili tofauti. Isitoshe, plau la enzi zile lilikuwa la mti, na chuma chake kilikuwa ncha ndogo iliyovikwa mwishoni mwa mti huo. Upanga mmoja ulitosha kufuliwa ukawa ncha ya namna hiyo. Anayewaza bamba pana la plau la leo atashangaa mhunzi alipata wapi chuma cha kutosha.

Kiswahili nacho kina hoja yake. Jembe kwetu ni chuma kwanza. Ukienda dukani unauziwa jembe, mpini unachonga mwenyewe au unaununua kando, na ndiyo maana tunaweza kusema "jembe halina mpini" bila kujipinga. Kwa hiyo "ziwe majembe" inamweleza msomaji kile hasa kilichofuliwa, yaani chuma chenye makali.

Tazama pia neno "panga" katika mstari huo, maana hapo ndipo wengi huteleza. Mtafsiri ameandika panga zao ziwe, hakuandika mapanga yao yawe. Upanga, wingi panga, ngeli ya u-/zi-, ni silaha ya vita. Panga, wingi mapanga, ngeli ya li-/ya-, ni lile la kufyekea. Ukisema "mapanga yao yawe majembe" umegeuza zana ya shamba kuwa zana nyingine ya shamba, na unabii wote umekufa. Nimeona mabango ya amani yenye kosa hilo, na linaniuma, kwa sababu silabi moja tu ndiyo iliyobeba maana.

Kuna andiko ambalo mwenzako angekuwa na haki zaidi ya kulilalamikia: Luka 9:62. Kigiriki kinataja plau waziwazi, lakini tafsiri yetu ya Union inasema "Mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma". Maana ya jumla ipo, ila picha imepotea. Mwenye jembe la mkono akigeuka, anasimama tu. Mwenye plau akigeuka, ng'ombe hawasimami, mkono unalala upande mmoja, na mfuo, yaani mstari unaochimbwa na plau, unapinda. Mfuo unaofuata nao utaegemea upindaji huo, na katikati kutabaki kipande cha ardhi kisichoguswa. Mkulima wa Usukumani au Ukambani anaielewa adhabu hiyo bila kuhubiriwa. Hapo "plau" lilihitajika.

Sasa chuma chenyewe. Kwa kijitabu chako napendekeza ulimi wa plau, wingi ndimi za plau, na ulieleze neno hilo mara ya kwanza unapolitumia: bamba lenye ncha linalolala chini na kukata udongo kwa ulalo. Usiliite kisu, kwa sababu baadhi ya maplau yana kisu kweli, kile kinachosimama wima mbele ya ulimi na kupasua majani na mizizi. Bamba lililopinda linalopindua udongo liite bawa. Ukiyachanganya hayo matatu, mkulima atanunua kipuri kisicho chake. "Jembe la plau" linaeleweka, lakini katika maelekezo linachanganya, kwani wengine huliita plau lote "jembe la ng'ombe". Plau la visahani la trekta halina ulimi kabisa, kwa hiyo usiseme "kila plau".

Vitenzi navyo vichague vizuri. Ulimi hunolewa ukiwa butu kidogo. Ncha ikiwa imelika, hupelekwa kwa mhunzi ukafuliwa, au hubadilishwa kwa kufungua bolti zake. Andika dalili kama wakulima wanavyozisema: plau halizami, linaelea, mlimaji analala juu ya mishikio, maksai wanachoka mapema. Kabla ya kulaumu ulimi, mkulima aangalie mnyororo: kulabu yake ikipandishwa kwenye kirekebishio, yaani sehemu ya mbele ya plau inapofungwa mnyororo, plau linazama zaidi, ikishushwa, linapanda. Plau ni la ngeli ya li-/ya-, wingi maplau. Utasikia pia "plau hii", lakini kijitabu kishike njia moja.

Ukitaka mchoro wa jalada, angalia unaandika nini chini yake. Jembe lililo kwenye nembo ya Tanzania, likipishana na shoka, na lile la bendera ya CCM, pamoja na nyundo, yote ni majembe ya mkono. Sifa nayo imebaki hapohapo: mchapakazi huitwa jembe, na hakuna anayeitwa plau. Lakini kijitabu chako ni cha maksai, kwa hiyo chora plau, ulimi uonekane, na uandike "plau".