Kama unaanza kuchambua lainimeni, acha kwanza kuangalia mpira

Naandika hii kwa wadogo zangu mliopata nafasi ya kujitolea au kazi kwenye timu za futiboli ya Kimarekani, na hata nyie mnaoipenda tu NFL, ligi kuu ya huku, na mnataka kuielewa kwa ndani. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, na jicho la soka linafuata mpira, sasa kwenye hii kazi ya kuchambua lainimeni jicho hilo litakudanganya kila siku.

Mimi nilianzia chumba cha video cha timu ya chuo hapa Marekani, kazi yangu kukata klipu na kuandika alama ya kila lainimeni plei kwa plei (plei ni kila shambulio moja, mpira unapotoka mpaka filimbi). Lainimeni ni wale watano wakubwa wa mbele: senta anayeutoa mpira, magadi wawili kushoto na kulia kwake, na matekoli wawili wa pembeni kabisa. Wiki za mwanzo kuna plei kwotabeki wetu, yule anayerusha mpira na ambaye laini inamlinda, aliangushwa vibaya na yule jamaa alitokea upande wa tekoli wa kushoto, basi mimi bila kufikiria nikampa tekoli alama ya kufeli. Kocha wa laini hakunigombeza, akaniita akarudisha video akaniambia usimwangalie aliyeanguka, mwangalie gadi. Tukaangalia taratibu. Yule wa pembeni wa difensi, yaani timu inayozuia, alikata ndani kwa nguvu, mwenzake wa katikati akazunguka nyuma yake kutokea nje, na hapo gadi na tekoli inabidi wakabidhiane watu kama mabeki wanavyoachiana washambuliaji. Tekoli alifanya yake sawasawa, akamsukumia yule wa pembeni ndani akisubiri gadi ampokee, lakini gadi alikuwa amemganda mtu wake wa mwanzo, kichwa kimegeuka, anamfukuza kwa nyuma mpaka akamgonga tekoli mgongoni. Tekoli akabaki na mtu mkononi na mwingine anampita nje. Kosa la gadi asilimia mia, na mimi nilishaliandika jina la mtu mwingine. Ile ripoti ingefika kwenye kikao, kuna mtu angepoteza namba kwa ajili yangu. Sijawahi kuisahau.

Kwa hiyo jambo la kwanza, tafuta video ya kamera ya nyuma ya goli, sio ya TV. TV inafuata mpira na inakukatia laini katikati. Alafu chagua mtu mmoja, mtazame yeye tu kuanzia mpira unapotoka kwa senta mpaka filimbi, rudisha, nenda kwa mwingine. Plei moja unaiangalia mara tano. Inachosha sana najua, ila njia nyingine sijaiona.

Na unaangalia nini hasa? Miguu kwanza. Tekoli akirudi nyuma kumlinda kwotabeki, cheki hatua ya pili na ya tatu, ya kwanza karibu wote wanaipatia. Kama miguu inakutana au anavuka mguu mmoja juu ya mwingine, mtu mwenye kasi atampita. Cheki anakunja wapi, magoti au kiuno. Anayekunja kiuno kichwa kinatangulia mbele na uzito unahamia kwenye vidole, akivutwa kidogo tu anaanguka kifudifudi, na hilo ukiliona mara tatu kwenye mechi moja liandike maana halirekebishwi kwa wiki mbili. Mikono iingie ndani kwenye kifua cha adui, ikikaa nje mabegani refa anaweza kuita faulo ya kushika. Alafu akisukumwa na mtu mzito, je anaweza kushuka na kusimama, au anateleza nyuma mpaka anamkanyaga kwotabeki wake mwenyewe? Kurudi hatua mbili alafu kusimama ni ushindi, msiwape watu alama mbaya kwa hilo.

Vipimo vya kule Indianapolis kila mwaka kwa wachezaji wa vyuo wanaotaka kuingia NFL, urefu wa mikono, mbio, kunyanyua ile chuma ya kilo 102, visome lakini visikutawale. Rashawn Slater mikono yake ni inchi 33 na wengi walisema huyo apelekwe gadi, Chargers wakamchukua namba 13 kwenye drafti ya mwaka 2021, yaani pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, wakamweka tekoli wa kushoto na msimu wake wa kwanza tu akaenda Pro Bowl, heshima ya nyota wa ligi. Miguu yake ilikuwa inasema yote.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi kinaniuma zaidi kwa sababu wachambuzi wengi wapya wanakiruka, upana wa kikosi. Timu ya NFL ina wachezaji 53, na siku ya mechi inaruhusiwa kuvalisha 48 ila kwa sharti kwamba wanane wawe lainimeni, akipungua mmoja wanashuka 47. Piga hesabu, watano wanaanza, benchi wamebaki watatu kwa nafasi tano. Kwa hiyo wa akiba hapimwi kama anayeanza, anapimwa anaweza kukaa nafasi ngapi bila timu kuyumba. Mmoja lazima aweze tekoli pande zote mbili, mmoja lazima aweze gadi na pia kutoa mpira kama senta, na hao watu ni adimu kweli. Kuhama upande sio kitu kidogo, mguu uliokuwa nyuma unakuja mbele, mkono wa nguvu unabadilika, ni kama mtu aliyezoea kuendesha Dar ukampa gari la usukani wa kushoto kwenye hailwei ya Marekani, ataendesha ndio lakini kila kona anafikiria, na ukifikiria mbele ya mtu wa kilo 120 anayekuja mbio umechelewa.

Kuwaona hawa wa akiba nenda mechi za maandalizi za Agosti. Ila angalia anacheza dhidi ya nani. Mtu anaweza kung'ara robo ya nne akipambana na vijana ambao wiki ijayo hawana timu, hiyo usiiandike kama sifa. Na uwe na subira na wanaojifunza. Jordan Mailata alitoka raga Australia, hajawahi kucheza futiboli kabisa, Eagles wakamchukua raundi ya saba namba 233 mwaka 2018 na mechi yake ya kwanza kacheza 2020. Miaka miwili ya kukaa na kocha Jeff Stoutland, leo ni tekoli wa kushoto wa uhakika. (Mkenya Daniel Adongo naye alitoka raga akaenda Colts 2013, ila yeye alikuwa upande wa difensi.)

Mfano ninaompa kila kijana anayeanza ni Chiefs. Fainali ya Februari 2021 walicheza bila matekoli wao wote wawili, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi. Mike Remmers akahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, Andrew Wylie akatolewa gadi akapelekwa tekoli wa kulia, yaani kujaza matundu mawili wakatikisa laini nzima. Kwotabeki wao Patrick Mahomes alikimbizwa usiku kucha, wakapigwa 31-9 bila touchdown hata moja. Wakaijenga upya laini yote, na miaka minne baadaye shida ikarudi kwa sura ileile: msimu wa 2024 hawakuwa na tekoli wa kushoto wa kuaminika, Desemba Joe Thuney, gadi bora kabisa, akasogezwa pembeni, na Mike Caliendo akaziba gadi. Ukimhamisha mtu mmoja umebadilisha nafasi mbili. Fainali ya Februari 2025 Mahomes akaangushwa mara sita, Eagles wakashinda 40-22.

Na hao Eagles walishapita kwenye moto huohuo wiki mbili kabla. Senta wao Cam Jurgens mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo kwenye mechi ya kuamua bingwa wa NFC (nusu moja ya ligi) Landon Dickerson aliyezoea gadi akaanza kama senta, Tyler Steen akaingia gadi ya kushoto, alafu Dickerson naye goti likagoma ikabidi Jurgens aingie hivyohivyo na mgongo wake. Timu ikafunga pointi 55. Kama unataka pa kuanzia, tafuta video ya mechi hiyo kwa kamera ya nyuma, na ukiiangalia mara ya kwanza usimwangalie mtu yeyote zaidi ya Steen, namba 56. Andika miguu yake, mikono yake, na kila mara anapomkabidhi mtu kwa senta ambaye kwa kawaida sio senta.