Filamu ya makala kuhusu kiwanda kilichofungwa: anza na tarehe

Kabla hujagusa kamera, andika tarehe. Lini zamu ya usiku iliondolewa, lini vibarua waliachishwa, lini mashine zilihamishwa, lini lango lilifungwa, lini mafao yalikwisha. Kiwanda hakifi siku moja, na mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa filamu. Roger & Me (1989) ya Michael Moore, kuhusu mji wa Flint nchini Marekani, ililaumiwa kwa kuvuruga mfuatano wa matukio: AutoWorld, bustani ya burudani ya mji huo iliyofunguliwa 1984, inaonekana kana kwamba ilikuja baada ya watu kuachishwa kazi mwaka 1986 na 1987. Uchungu wa mji ule ulikuwa wa kweli, ila wapinzani walipata pa kushika. Weka mwaka kwenye skrini.

Linalowaumiza watu zaidi ni mikataba. Mara nyingine malipo ya kuachishwa kazi huja na sharti la kutoisema vibaya kampuni, na anayelivunja anaweza kudaiwa fedha zile. Uliza kabla ya kurekodi, na karatasi ikiwatatiza, aione mwanasheria wa kazi kwanza. Kuficha uso hakutoshi. Sauti, cheo na mashine aliyoiendesha vinatosha wenzake kumtambua. Akisita, mwache, usimbembeleze.

Kiwanda kikiwa bado kinafanya kazi na umeruhusiwa kuingia, anza na sauti. Mashine ikishang'olewa, mlio wake huupati tena, kwa hiyo rekodi kila moja dakika 2 bila mtu kuongea. Taa za mirija huleta michirizi kwenye picha: umeme ukiwa wa hezi 50, tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50, ukiwa wa hezi 60, fremu 30 na shata 1/60. Kwenye mahojiano, vilele vya sauti visipite desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti.

Usimalize kurekodi wiki ya kufungwa. Wiki hiyo kuna machozi na mabango, lakini hasara yenyewe hujitokeza malipo ya mwisho yakiisha. Rudi wakati huo, na tena muhula mpya wa shule ukianza. Watafute wasiokuwa kwenye orodha ya mishahara: wauza chakula wa langoni, wenye nyumba za kupangisha, madereva wa malori. Mtu akisema wanafunzi wamepungua, omba idadi ya walioandikishwa mwaka kabla ya kufungwa na mwaka uliofuata.