Re: Chumba kina madirisha mawili makubwa lakini usiku jasho tupu

Mambo mkuu, pole na joto. Kama nimekuelewa, chumba chako hapo Bagamoyo kina madirisha mawili, yote ukuta wa mbele, na bado usiku unalowa. Shida sio ukubwa, ni kwamba upepo ukiingia hauna pa kutokea. Mimi yalinikuta hayohayo Tanga. Kabla hujaita fundi, washa kijiti cha udi ukishike dirishani, halafu fungua mlango wa chumba na dirisha la nyuma ya nyumba uangalie moshi unaenda wapi. Kwangu ulikuwa unapanda wima tu, nilipofungua nyuma ukalala ukakimbilia koridoni!

Basi nikatoboa dirisha ukuta mwingine, usawa wa kitanda, maana upepo unaopita juu ya kichwa haukusaidii kitu ukiwa umelala (grili usisahau, vibaka wapo). Joto kali la Desemba mpaka Machi ni msimu wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki, kusi ikija inageuka kutokea kusini, kwahiyo usitegemee upande mmoja. Alafu yale madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, na neti ikijaa vumbi ndo kabisaa, ifue kwanza. Ramani yako sijaiona, kama nyuma mmebanana na jirani weka picha tuone.