Pesa ya chakula inakata tarehe 20, mume anasema natuma kwetu

SWALI: Mume wangu ananipa 450,000 ya chakula kila mwezi. Tuko sita, sisi wawili na watoto wanne wa miaka 5 hadi 13. Tarehe 1 nanunua mchele kilo 25, sembe kilo 10, mafuta lita 5, sukari, maharage na vidogovidogo, jumla 210,000. Inayobaki ni ya genge, kama 12,000 kwa siku. Mchele unakata tarehe 18, na tarehe 20 sina hata mia, nakopa kwa Mangi mwenye duka. Sasa ananidai 60,000. Mume anadai natuma hela kwetu. Nifanyeje? Mama Wanne, Mbagala.

JIBU: Pole, dada. Chukua kalamu. 450,000 ukitoa 210,000 zinabaki 240,000. Zigawe kwa 12,000: siku 20 kamili. Hakuna hela iliyotumwa kokote, barua yako mwenyewe imeshajibu. Hesabu hiyo mwonyeshe mumeo, ila iwe kabla ya mshahara, ametulia, si tarehe 21 wakati Mangi ameshamsimamisha njiani.

Tuanze na mchele. Kilo 25 kwa siku 18 maana yake mnapika zaidi ya kilo moja na robo kila siku. Mtu mzima anashiba kwa gramu 150 za mchele mkavu, mtoto kwa 100, kwa hiyo kwenu gramu 700 zinatosha mlo mmoja. Nenda na kikombe chako dukani, kijaze mchele, mwombe Mangi akiweke kwenye mizani (akipunguza uzito wa kikombe kitupu), kisha pika kwa kikombe hicho hicho kila siku. Kupima kwa macho ndiko kunakozaa kiporo kinachoishia kwa kuku wa jirani.

Milo mikubwa kwa mwezi ni 60. Panga wali mara 18, ugali 30, na 12 iliyobaki iwe ndizi, viazi, makande au chapati. Hapo mchele kilo 15 unatosha, lakini unga unapanda hadi kilo 25. Sikudanganyi: unachookoa kwenye mchele karibu chote kitamezwa na unga. Faida ni kwamba hutanunua tena unga wa kukopa wiki ya mwisho. Ukihamia dona, nunua mara mbili kwa mwezi, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake unachacha upesi, hasa kwa joto la Dar.

Mafuta nayo yana tabia yake: dumu likijaa, mkono unakuwa mwepesi. Lita 5 kwa wiki nne ni lita 1 na robo kwa wiki. Chukua chupa ya maji ya lita 1 na nusu, ipige alama kwenye lita 1 na robo, ijaze hadi hapo kila wiki, pikia kutoka humo, na dumu lifungie kabatini. Yakiisha Alhamisi, hadi Jumapili ni mboga za kuchemsha.

Sasa genge, na hapa ndipo palipotoboka. Ile 240,000 igawe siku ile ile ya mshahara: bahasha nne za 50,000 na moja ya 40,000. Kila Jumamosi, 20,000 ya bahasha ya wiki iende soko la Rangi Tatu: nyanya, vitunguu, nazi, dagaa. Nyanya chagua nusu zilizoiva na nusu ambazo bado ngumu, uzitandaze kwenye ungo. Zikibaki kwenye mfuko wa nailoni zinatoa jasho na kuoza. Vitunguu usivichanganye na viazi. Nazi itikise, isiyo na sauti ya maji iache. Na sado (kindoo cha kupimia) ichungulie chini kabla hujapimiwa, maana iliyobonyezwa kitako inakula maharage yako.

30,000 inayobaki ni 5,000 kwa siku sita, za mchicha, samaki au nyama robo. Jumamosi mnakula mlichotoka nacho sokoni.

Bahasha ya 40,000 ni ya siku za 29 hadi 31 na wageni, lakini miezi mitatu ya kwanza toa humo 20,000 umpelekee Mangi. Mwambie mapema mpango wako, na umwombe daftari lako lisiongezwe kitu. Gesi na umeme wa LUKU visiguse bahasha hizi. Hivyo mzungumze na mumeo kama fungu lingine.

Mwezi wa kwanza kuna bahasha itachanwa kabla ya siku yake. Usiifiche. Andika nyuma yake tarehe na kilichonunuliwa, mkae nayo wote wawili mshahara ukifika.